Refa Katuibia Tena: Mwongozo wa Kulalamika kwa Ufasaha Ukiwa Durban

Wapo wanaodhani kumlaumu refa ni kuropoka tu. Hao hawajakaa kwenye kibanda cha kinyozi kule Point, Durban, Jumatatu asubuhi baada ya mechi ya Simba au Yanga. Pale lawama haziropokwi, zinapikwa. Mzee wa Tanga huanza taratibu kama anayetoa taarifa ya msiba. Kaka wa Bukavu humpokea huku mashine ya kunyolea ikinguruma hewani. Kijana wa Bujumbura huweka simu katikati na kurudisha picha nyuma, tena na tena. Mteja aliyeingia kunyoa ndevu huondoka saa mbili baadaye akiwa amenyolewa shavu moja, na ameshasadiki kwamba kule Cairo, makao makuu ya CAF, kuna daftari la siri lenye jina la timu yetu.

Mimi ni mwanafunzi wa kibanda hicho kwa miaka kadhaa. Kila mwezi ndugu zetu wapya wanashuka mjini humu, na wengine wanapiga kelele ovyo ovyo, bila utaratibu, wanatutia aibu mbele ya wenyeji. Ndiyo maana nimeona niyaandike niliyojifunza.

Mahitaji

Jezi moja, nyekundu ya Simba au ya kijani na njano ya Yanga. Ukija na shati la kijivu hakuna atakayekuamini. Simu yenye bando la kutosha kurudia tukio moja mara arobaini. Rafiki mmoja wa kukubaliana nawe na mwingine wa kukubishia. Koo. Kitabu cha sheria za mpira kiache nyumbani, na kama hunacho, hongera, usikitafute.

Hatua ya kwanza: Jua umefika mji gani

Kwingine duniani watu wanalalamikia marefa kwa mazoea. Durban ina historia. Simama chini ya tao la uwanja wa Moses Mabhida utazame jirani, utauona uwanja wa raga wa Kings Park. Hapo, tarehe 17 Juni 1995, nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga kati ya Afrika Kusini na Ufaransa ilicheleweshwa na mvua mpaka kina mama wakaingia na mafagio kufagia maji uwanjani. Kama mechi ingefutwa, Ufaransa ndiyo ingepita, kwa sababu wenyeji walikuwa na kadi nyekundu kwenye kumbukumbu zao. Basi mafagio yakafanya kazi, mechi ikachezwa. Mwishoni Abdelatif Benazzi wa Ufaransa akaanguka na mpira pale pale mstarini. Refa Derek Bevan wa Wales akasema hukufika. Wenyeji wakashinda 19-15. Baadaye, kwenye karamu ya baada ya fainali, mkuu wa raga wa Afrika Kusini, Louis Luyt, akamwita Bevan mbele za watu na kumpa saa ya dhahabu.

Hebu fikiria kiongozi wa klabu ya Kariakoo, Simba au Yanga, anamvisha refa saa ya dhahabu ukumbini, kamera zikiwaka. Kinyozi wetu asingenyoa mtu mwezi mzima.

Kwenye uwanja huo huo, tarehe 10 Agosti 2002, Afrika Kusini ikicheza na New Zealand, shabiki mmoja wa wenyeji alichoka kupiga kelele, akashuka jukwaani mpaka katikati ya uwanja na kumvamia refa David McHugh wa Ireland. Bega la refa likateguka, ikabidi mwingine amalizie mechi. Mwongozo huu hauungi mkono mbinu hiyo. Kwanza ni jinai. Pili, haisaidii: timu yake ilifungwa vilevile, 30-23.

Teremka kidogo kuelekea mjini ufike Kingsmead, kwenye kriketi. Machi 1939 Waingereza na Waafrika Kusini walicheza hapo mechi ambayo sheria ilisema haina kikomo cha muda, wachezeane mpaka apatikane mshindi. Walianza tarehe 3. Tarehe 14 mshindi alikuwa bado, Waingereza wamebakiza mikimbio 42 tu, lakini meli yao ya kurudi kwao ilikuwa inawangoja Cape Town. Wakafunga virago, ikawa sare. Sheria ilisema mechi haina kikomo. Meli ikasema kinacho. Hata wewe ukifika mjini hapa ukakuta masharti yanabadilika katikati ya mchezo, usishangae. Umeyakuta.

Hatua ya pili: Pata msamiati

Mtanzania husema refa, Mkenya refarii, Mkongo arbitri. Redioni ni mwamuzi, lakini hilo ni jina la heshima na wewe hujaja kumheshimu mtu. Wenyeji wa Kizulu humwita *unompempe*, kutokana na *impempe*, filimbi. Jifunze hilo haraka. Ukilitamka kwa uchungu ndani ya teksi, abiria wote watageuka wakutazame kwa macho ya udugu, jambo ambalo lafudhi yako haikuwahi kukupatia.

Kisha jifunze kuwa kila tukio lina majina mawili, na linalotumika hutegemea jezi. Mchezaji wetu akianguka ndani ya boksi, amekwatuliwa. Wa kwao akianguka, amejirusha. Penalti yetu ni ya halali, hata kipofu ameiona. Ya kwao ni ya mchongo. Mpira ukimgonga beki wetu mkononi, mpira ndio umemfuata mkono. Ukimgonga wa kwao, kaunawa. Mshambuliaji wetu huwa sambamba na beki, wa kwao huwa ameotea. Wetu akilambwa umeme, yaani kadi nyekundu, refa kaharibu mechi. Wa kwao akilambwa, refa kaijua kazi. Wao wanabebwa. Sisi hatujawahi kubebwa tangu dunia iumbwe. Ikitokea tumepata bao lenye utata, neno lake ni "mpira ndivyo ulivyo."

Usichanganye majina hayo. Nilimwona kijana mgeni akisema mbele ya watu, "Kwa kweli ile penalti yetu ilikuwa ya mchongo." Kibanda kilinyamaza. Mashine ilizimwa. Mzee wa Tanga akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi wewe kwenu ni wapi?"

Hatua ya tatu: Sheria ikibadilika, sema ile ya zamani ilikuwa bora

Hili ni rahisi kwa sababu sheria haziachi kubadilika. Chukua kipa tu. Zamani alihesabiwa hatua: nne, kisha auachie mpira. Mwaka 2000 wakaacha kuhesabu hatua wakahesabu sekunde, sita. Makipa wakaendelea kuukumbatia mpira kama mtoto mchanga, marefa wakatazama pembeni, na sisi tukalalamika kwamba sheria ipo na haifuatwi. Mwaka 2025 wakaja na nyingine: sekunde nane, refa ainue mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho, zikipita wapinzani wanapewa kona. Sasa inafuatwa. Tunalalamika kwamba inafuatwa.

Au chukua mkono. Mwaka 2020 ilibidi watu wazima wakae kikao waamue mkono wa binadamu unaanzia wapi. Wakakubaliana: chini ya kwapa. Juu ya hapo ni bega, ruksa. Tangu siku hiyo kibandani kwetu kila mmoja ni daktari wa mifupa. Kaka wa Bukavu humshika mteja, akamwinua mkono na kumwonyesha kwa ncha ya kitana pale bega linapokomea. Mteja alikuja kupunguza nywele tu.

Ukitaka lawama yako iwe na uzito wa kisiasa, uliza ni nani anayezitunga sheria zenyewe. Ni chombo kiitwacho IFAB, kilichoanzishwa 1886, chenye kura nane. England ina moja, Scotland moja, Wales moja, Ireland ya Kaskazini moja. FIFA ina nne, na ndani ya hizo nne tumo sisi wengine wote, kutoka Brazil hadi Comoro. Badiliko linahitaji kura sita. Hapa, kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho katika mwongozo huu, una hoja ya kweli. Itumie kwa kiasi. Hoja ya kweli ikizoeleka kibandani inaharibu ladha ya zile nyingine.

Na mtu asikuambie kwamba kelele hizi ni za Waafrika. Australia wana mpira wao, wa yai, unaochezwa kwenye uwanja wa duaradufu, na mwaka 2022 ligi yao ilikaza masharti: mchezaji akinyoosha mikono tu kumshangaa mwamuzi, timu yake inaadhibiwa mita 50. Mashabiki walikasirika kuliko wachezaji. Fikiria mtu wa Kariakoo anakatazwa kunyoosha mikono. Mikono angeipeleka wapi?

Hatua ya nne: Usisome kanuni za mashindano

Nasisitiza. Durban na nchi yake nzima ni somo tosha la yanayompata anayetegemea karatasi.

Tarehe 3 Machi 2003, Kingsmead pale pale, Afrika Kusini walikuwa wenyeji wa Kombe la Dunia la kriketi na walihitaji kuifunga Sri Lanka ili wasonge mbele. Mvua ikawa inakaribia. Wakati huo mechi ya kriketi ikikatizwa na mvua, mshindi alipatikana kwa hesabu ya Duckworth na Lewis, iliyobuniwa baada ya kanuni ya zamani ya mvua kuwatoa hao hao Afrika Kusini kwenye nusu fainali ya 1992 huko Sydney kwa namna iliyochekesha dunia nzima isipokuwa wao. Safari hii wakajipanga: karatasi ya hesabu ikatayarishwa, ujumbe ukapelekwa kwa Mark Boucher aliyekuwa anapiga, kwamba shabaha ni mikimbio 229. Boucher akapiga mpira safi wa mikimbio sita, wakafika 229, akakunja ngumi kwa furaha, na mpira uliofuata akauzuia kwa utulivu asije akatolewa bure. Mvua ikamwagika. Ndipo ikaeleweka kwamba 229 ni ya sare. Ya ushindi ilikuwa 230. Mkimbio mmoja, na mpira wa kuupata aliuzuia mwenyewe. Wenyeji nje.

Siku kumi na saba baadaye, kwenye nyasi hizo hizo, Kenya ya Steve Tikolo ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India. Ilifungwa, lakini ilifungwa kwa bati na mpira, si kwa kikokotoo.

Ungedhani nchi imejifunza. Tarehe 8 Oktoba 2011 huko Nelspruit, Bafana Bafana walihitaji kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Wakacheza na Sierra Leone, dakika za mwisho wakatuliza mpira kulinda sare ya bila kufungana, filimbi ikalia, wakauzunguka uwanja wakicheza ngoma. Kwenye msimamo walikuwa pointi sawa na Niger na Sierra Leone, wao wakiwa na mabao mazuri zaidi. Kanuni ya CAF ilisema timu zikilingana pointi zitazamwe kwanza mechi zilizokutanisha zenyewe. Kwa hesabu hiyo aliyefuzu alikuwa Niger. Walicheza ngoma ya harusi ya jirani.

Angalia sasa uzuri wa jambo hili. Katika mikasa yote miwili refa hakukosea hata kidogo. Hakuna wa kumlaumu! Mtu aliyesoma kanuni vibaya analala na uchungu wake peke yake, hana hata pa kuutupia. Asiyesoma kabisa ana refa. Chagua mwenyewe.

Kifungu kimoja tu kinaruhusiwa, tena kwa kukariri. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, haikuchezwa kwa sababu Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Kwa zaidi ya miezi mitatu, mpaka ilipochezwa Juni 25 na Yanga kushinda 2-0, watu ambao hawajawahi kusoma hata mkataba wa nyumba wanayopanga walikuwa wakinukuu kanuni ya 17, kipengele cha 45. Kijana wa Bujumbura, ambaye ligi ile haimhusu, aliinukuu usingizini.

Hatua ya tano: Tunza ushahidi, lakini kwa kuchagua

Kila mlalamikaji anayejiheshimu ana kabati. Langu lina picha moja inayolizidi lote: Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, 5 Aprili 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Stephane Aziz Ki wa Yanga anaachia shuti, mpira unagonga mtambaa panya, unadunda chini na kutoka. Ndani au nje? Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa bao, na video haikubadilisha kitu. Mechi ikaisha bila bao kama ile ya Dar es Salaam, na Mamelodi Sundowns wakapita kwa matuta, 3-2. Mimi ni Simba. Lakini ugenini msiba wa jirani ni wako pia, na usiku ule kibandani niliona watu wekundu wakimlilia mtu wa Jangwani, yaani wa Yanga, kwa machozi ya kweli. Kesho yake machozi yalikauka, tukaanza kuwazomea.

Nchi hii ina desturi ya mipira inayodunda chini ya mwamba. Tarehe 27 Juni 2010 huko Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa England lilidunda ndani kabisa ya goli la Ujerumani, waziwazi, na refa akasema mchezo uendelee. Kelele zake zilileta teknolojia ya mstari wa goli, iliyoidhinishwa 2012. Baadaye ikaja video, ikaingia kwenye sheria 2018. Kila dawa ilikuja na ahadi kwamba sasa watu watanyamaza. Nani kanyamaza? Zamani tulikuwa tunamtukana mtu mmoja mwenye filimbi. Sasa tunamtukana huyo, na wale waliojifungia chumbani na runinga, na aliyechora mstari wa kuotea, na unene wa mstari wenyewe.

Ndiyo, kabati. Siku moja alikuja kunyoa dereva wa teksi, Mzulu, shabiki wa Orlando Pirates wa kufa na kuzikana. Akaikumbusha Dar es Salaam ya Aprili 2022, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, penalti aliyoifunga Shomari Kapombe, na jinsi kocha wao Mandla Ncikazi alivyomaliza mechi ile akiwa anachemka.

"Mlitufanyia kitu kibaya sana kule kwenu, baba," akamwambia Mzee wa Tanga.

"Penalti ya halali ile," Mzee akajibu. "Na mlipita nyie kwa matuta, sasa mnalia nini?"

"Nalia kwa sababu tuliibiwa."

"Na ya Polokwane je?" Kaka wa Bukavu akaingilia.

Polokwane, Novemba 2016: Afrika Kusini na Senegal, kufuzu Kombe la Dunia. Mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly gotini, refa Joseph Lamptey wa Ghana akatoa penalti ya kunawa. Afrika Kusini wakashinda 2-1. FIFA ikamfungia Lamptey maisha, na mechi ikarudiwa mwaka uliofuata. Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Urusi.

Dereva alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto.

"Hiyo," akasema, "siikumbuki vizuri."

Wote tulimheshimu. Yule ni fundi.

Hatua ya sita: Siku ya mechi

Mungu akatuona. Mwaka 2025 Simba ikafika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Stellenbosch, timu ya mji wa mizabibu ulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, ambayo mechi yake ya nyumbani iliiletea Moses Mabhida. Yaani wao ndio walisafiri, sisi tulitembea kwa miguu. Tarehe 27 Aprili, Jumapili, Siku ya Uhuru ya Afrika Kusini, na siku moja baada ya sikukuu ya Muungano wetu. Mnyama, yaani Simba, alikuja na mtaji wa bao moja, la Jean Charles Ahoua, kutoka Amaan, Zanzibar.

Fika mapema. Anza kumlaumu refa wakati timu zinapasha misuli. Wanaosubiri akosee kwanza ni wavivu. Mzee wa Tanga alimtazama akikimbia na kusema, "Huyu ana uso wa kuuza." Kipindi cha kwanza alisimama kupinga mpira wa kurusha uliokuwa nusu ya uwanja, mbali na goli lolote. Kipindi cha pili, tunalinda bao letu, alianza kuidai saa: dakika za nyongeza zimetoka wapi, kaziokota wapi, kazinunua soko gani? Kaka wa Bukavu alikuwa amefunga macho anasali kwa Kiswahili, Kifaransa na Kimashi, kwa zamu.

Ikaisha bila bao. Simba fainali.

Tulishuka kuelekea ufukweni tukiimba, wekundu barabara nzima, walinzi wa magari wa Kikongo wakitupungia na vizibao vyao vya kung'aa. Tukala mkate uliochongwa ukajazwa mchuzi wa maharage, pilipili ikatutoa jasho. Tukasimulia kila pasi. Karibu na usiku wa manane niliuliza, kwa ajili ya utafiti wa mwongozo huu, refa aliitwa nani.

Hakuna aliyejua. Mtu mzima amefokewa dakika tisini na zaidi, kaitwa muuza mechi, na jina lake halikufika hata kwenye chakula cha jioni. Mzee wa Tanga alifikiri kidogo. "Alichezesha vizuri," akasema.

Hatua ya saba: Kata rufaa panapokatika

Mwezi Mei ukatuonea, fainali ikaenda kwa RS Berkane, na ushahidi mpya upo kabatini. Lakini hapa naomba niweke utani pembeni kwa aya mbili.

Ng'ambo ya bandari, kule Bluff, mahali panapoitwa King's Rest, waliwahi kuishi watu ambao mji huu unawaita Wazanzibari. Wengi asili yao ni Wamakua wa Msumbiji. Wazee wao waliokolewa na Waingereza kutoka majahazi ya watumwa, na kuanzia 1873 wakaletwa Durban kupitia Zanzibar kufanya kazi. Ilipokuja serikali ya ubaguzi wa rangi, ilibidi kila mtu awekwe kwenye fungu, na hawa Waafrika Waislamu walimsumbua mwamuzi. Akawatazama, akapuliza filimbi, akaandika: Waasia wengineo. Wamakua, Waasia! Miaka ya 1960 wakahamishwa Bluff wakapelekwa Chatsworth, kwenye makazi ya Wahindi. Hakuna video iliyorudiwa.

Na wengi wetu tunalijua dirisha fulani, kwenye ofisi fulani ya karatasi, ambapo unapanga foleni kabla ya alfajiri, na ukifika mbele unaambiwa masharti yamebadilika tangu jana, rudi baada ya miezi sita. Pale hakuna anayenyoosha mikono. Pale tunasema ahsante. Nilishamwona Kaka wa Bukavu, simba wa kibandani, akisema ahsante mara tatu kwa sauti ya mtoto wa shule, kisha akaja moja kwa moja kibandani, akawasha runinga na kumtukana refa wa ligi ya Hispania kwa saa nzima bila kupumzika. Sikumuuliza kitu.

Hatua ya nane: Usikubali kamwe kushika filimbi

Hii niliivunja mimi, ndiyo maana naijua.

Tuna bonanza letu la Jumapili la waongea Kiswahili. Siku hiyo Kongo na Burundi upande mmoja, Tanzania na Kenya upande mwingine. Goti lilikuwa linaniuma, refa wetu wa kawaida kaitwa kazini. Mtu akanitupia filimbi. "Wewe si ndiye unayejua kila kitu?"

Dakika ishirini za mwanzo nilijiona nimezaliwa kwa kazi hiyo. Kisha mpira ukaingia kwenye boksi la Wakongo, ukasikika mlio, *paa*, na Mtanzania mmoja akawa chini anagaagaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama mpira. Miguu sikuiona. Jua la saa kumi lilikuwa machoni, mtu mnene alikuwa katikati. Nilichopata ni mlio ule, mtu aliyelala, na timu nzima imeinua mikono. Nilikuwa na sekunde moja, labda mbili. Filimbi ilikuwa mdomoni tayari. Nikapuliza.

Kaka wa Bukavu, mtu anayeninyoa kwa mkopo, alinijia mpaka pua zikakaribia kugusana. "Arbitri! Njo vile unafanyaka? Uliona nini? Niambie, uliona nini?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwa sauti nzito nisiyoijua: "Nimeona mwenyewe."

Penalti ikafungwa. Nikaitwa mwizi kwa Kiswahili cha nchi nne, na mtu mmoja wa upande wangu akaja kunipa mkono, na mkono ule ulinitia aibu kuliko matusi. Nikauona usiku mzima ule mguu ambao sikuuona.

Jumanne nilikwenda kunyoa. Kaka wa Bukavu alinifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akainyamazisha tena.

"Niambie ukweli," akasema. "Aliguswa?"

"Sijui."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaninyoa vizuri, mashavu yote mawili, na hakugusa habari hiyo tena.

Jumapili iliyofuata refa wa kawaida alirudi. Dakika ya nne akapuliza faulo dhidi yetu, karibu kabisa na nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa nimeiona vizuri, ilikuwa faulo. Nilikuwa wa kwanza kusimama.